Moshi Ilijibu Tofauti

"Madam, kwa hiyo hapa kwetu haikufanya kazi?"

Aliyeuliza ni binti wa mwaka wa pili, mtu wa kukaa nyuma karibu na dirisha na kunyamaza muhula mzima. Kilikuwa kipindi cha mchana, somo la mbinu za utafiti, saa ambayo nusu ya darasa huwa inapigana na usingizi. Siku hiyo walikuwa macho. Projekta ilikuwa inaonyesha ukutani matokeo ya jaribio la tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na wazazi, lililofanyika sehemu nne: Bungoma mjini na Bungoma vijijini huko Kenya, Moshi mjini na Moshi vijijini hapa kwetu Tanzania. Wanafunzi wangu wamezoea vitabu ambamo karibu kila anayepimwa ni mwanafunzi wa chuo fulani cha Marekani. Kuiona Moshi imeandikwa kwenye jarida kubwa la afya ya akili kuliwafanya wakae wima. Kisha wakafika kwenye mstari wa mwaka mmoja baadaye, na nikaona nyuso zinashuka.

Nilimjibu kadiri muda ulivyoruhusu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa dogo kuliko swali.

Wiki hiyohiyo mkuu wa idara alinipa kazi ya kukusanya mafanikio yetu kwa ajili ya taarifa ya mwaka. Fomu ina safu za makala zilizochapishwa, wahitimu, miradi na fedha zake, makongamano. Aliyewahi kufundisha chuo chochote anaijua fomu ya namna hii. Nimekaa nayo wiki kadhaa, na kila nikiifungua namsikia yule binti.

## Walichofanya

Aliyekulia Kilimanjaro miaka ya tisini hahitaji kuelezwa jinsi UKIMWI ulivyoacha nyumba nyingi na bibi na wajukuu. Nianzie kwenye utafiti.

Uliongozwa na Shannon Dorsey wa Idara ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na wenzao wa Kenya na Tanzania. Kati ya 2013 na 2015 waliwafuata watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na ambao tayari walikuwa na dalili za kiwewe au majonzi yaliyogoma kupungua. Kwa bahati nasibu, 320 walipangiwa tiba ya mazungumzo kwenye vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na katikati yake kukaa na mshauri peke yao mara chache. Wengine 320 waliendelea na huduma ambazo kwa kawaida yatima huzipata kwenye jamii zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry.

Tiba yenyewe asili yake ni Marekani, kazi ya Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Mtoto hufundishwa kwanza kuzitambua hisia zake na kuutuliza mwili. Baadaye husaidiwa kukisimulia kifo chenyewe: alikuwa wapi, nani alimwambia, aliona nini. Mlezi naye hushirikishwa, ili mtoto asirudi nyumbani na jambo ambalo hakuna wa kulipokea.

Waliokaa na watoto hao hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa hapa Moshi na wa Bungoma wasio na taaluma ya afya ya akili, wakafundishwa, kisha wakawa wanasimamiwa kwa karibu wakiwa kazini.

Wiki 12 zilipoisha, watoto waliopata tiba walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao katika sehemu tatu kati ya nne: Bungoma zote mbili, na Moshi mjini. Moshi vijijini tofauti haikujitokeza. Walipopimwa tena mwaka mmoja baadaye, Bungoma tofauti ilikuwa bado ipo. Huku kwetu, mjini na vijijini, makundi mawili yalikuwa yamelingana.

Hapo ndipo binti aliponyoosha mkono.

## Waliofikiwa

Neno "haikufanya kazi" linaficha jambo. Watoto wa Moshi waliopata tiba hawakurudi walikotoka. Walipata nafuu na wakabaki nayo. Kilichotokea ni kwamba wale wengine, walioendelea na maisha yao ya kila siku, nao walipata nafuu, na mwaka ulipotimia wakawa wamewafikia wenzao.

Kwa mtafiti anayetaka kuonyesha kwamba tiba yake ndiyo iliyoleta mabadiliko, haya ni matokeo magumu kuyameza. Kwa mama mlezi wa Moshi ni habari njema mara mbili.

Kwa mimi ninayefundisha, ni somo ambalo nimelisubiri kazi yangu yote.

Nimekuwa nikieleza kundi la kulinganishia kwa mfano wa mbolea na mahindi: shamba moja unatia mbolea, la pili unaliacha bila, unangoja mavuno. Wanafunzi wanaelewa, wanaandika, wanafaulu mtihani. Lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya mahindi yale. Safari hii walitoka darasani wakibishana, na nikawasikia wakiendelea kwenye foleni ya chakula.

## Tungeishia 2014

Kuna utafiti mwingine mdogo uliotangulia, na huu ndio ulionigeuza.

Mwaka 2014 Karen O'Donnell na wenzake walichapisha majaribio ya mwanzo ya tiba hiyohiyo, yaliyofanyika hapahapa Moshi. Watoto 64, vikundi vilevile, wiki 12 zilezile. Watoto walipata nafuu. Mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, na hilo halikuwa kosa: lengo lilikuwa kuona kama jambo lenyewe linawezekana, kama walezi watakuja, kama watu wa kawaida wanaweza kufundishwa kazi nzito namna hii.

Sasa fikiria wangesimama pale.

Fomu yangu ingejaa vizuri sana. Tiba imeletwa Moshi, watoto wamepona, nafuu imedumu mwaka mzima. Tungefanya warsha, tungepiga picha ya pamoja, na hakuna ambaye angekuwa amesema uongo. Tungeendelea kuamini kwamba nafuu ile yote ni ya zile wiki 12.

Badala yake watu walewale walirudi na watoto mara kumi ya wale, wakaweka kundi la kulinganishia, wakaacha matokeo yaseme yatakavyo. Yaliposema jambo la kuvunja moyo kuhusu Moshi, wakaliandika kwenye muhtasari wa makala, mahali ambapo hata msomaji mvivu ataliona.

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kwa sababu ya hali ya taaluma yetu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Karibu zote zilikuwa zimetangazwa kwamba zimepata walichotafuta. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizopata tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Miaka michache kabla ya hapo, 2008, Jeffrey Arnett alikuwa amepitia majarida makubwa ya Chama cha Saikolojia cha Marekani na kukuta asilimia 96 ya watu waliochunguzwa wanatoka Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Australia na Israeli. Yaani sayansi inayodai kueleza akili ya binadamu ilikuwa imewaacha nje binadamu wengi sana, na hata kwa wale wachache iliowatazama, mengi ilikuwa imeyatangaza mapema mno.

Katikati ya hali hiyo, watoto wa Moshi wamepimwa vizuri, na jibu lao limeachwa lilivyo. Mimi naliita hilo mafanikio, na nalitaka kwenye fomu.

## Shaka yangu ya kwanza

Mafanikio ya nani, lakini?

Makala iko kwa jina la mtu wa Seattle. Fedha ziliingilia vyuo vya Marekani. Idara ya kule ikijaza taarifa yake ya mwaka, makala hii inaingia safu ya kwanza bila mjadala. Watoto ni wetu, vifo ni vyetu, na sisi tunaisoma kwa projekta. Nilikaa na uchungu huo siku kadhaa na sitaki kuupuuza, kwa sababu una ukweli ndani yake.

Kilichonipunguzia uchungu huo ni kutazama kilichobaki. Ujuzi ulibaki kwa watu. Bungoma kazi imeendelea kwa jina la Pamoja Tunaweza, na walioongoza vikundi huko ni walimu wa shule na wahudumu wa afya wa kujitolea, ndani ya shule na vijiji vyao. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa na mpango wa Sauti ya Vijana, ambapo vijana wanaoishi na VVU wanaongozwa kwenye vikundi na vijana wenzao waliofundishwa kazi hiyo, na majaribio yake nayo yamechapishwa. Ukipita barabara ya kwenda hospitalini huwezi kumtambua nani kati ya wanaopita anajua kukaa na mtoto aliyefiwa bila kumkatiza. Ila wapo, na walifundishwa hapahapa.

Walimu wa shule. Hapo ndipo nilipoona sehemu yetu.

## Zoezi la wawili wawili

Wahitimu wetu wengi ni walimu. Miaka mitatu wanasoma saikolojia ya elimu. Ukimwamsha mmoja usiku wa manane atakutajia hatua za ukuaji za Piaget na za Erikson kwa mpangilio. Kisha anapangiwa shule Same au Hai, na kwa kuwa ni kijana na amesoma saikolojia, mwalimu mkuu anamkabidhi malezi na unasihi. Kabla hajazoea hata njia ya kwenda dukani, analetewa mtoto wa darasa la tatu ambaye hajaongea tangu mazishi.

Kwa hiyo nililigeuza darasa. Nikawapanga wawili wawili, mmoja awe mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama, mwenzake awe mwalimu. Mtoto alipewa karatasi yenye maelezo mafupi ya kubuni. Mwalimu hakupewa chochote.

Nilisimama karibu na kijana mmoja wa Rombo, mpole, mwenye alama nzuri. Aliinama kidogo kama tunavyoinama kwa watoto.

"Mama yuko wapi siku hizi?"

"Alifariki."

"Pole sana mwanangu. Usilie. Mungu ana makusudi yake. Wewe soma kwa bidii, sawa?"

"Sawa."

Kuanzia hapo, kila alichouliza kilijibiwa "sawa". Baada ya dakika chache nikawasimamisha, nikamuuliza dada aliyekuwa mtoto: umesikia nini?

"Nimesikia nikiambiwa ninyamaze."

Kijana alishtuka kweli. Alikuwa amesema kila kitu ambacho mtu mwema wa kwetu husema msibani. Ndivyo tulivyoambiwa sote, na ndivyo tunavyowaambia watoto wetu. Tena yeye hakusema lile zito zaidi, la kwamba mama amesafiri.

Nikamwomba ajaribu tena, safari hii aulize tu, kisha angoje.

"Siku ile mama alipofariki, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natoka kuchota maji."

Akangoja. Kungoja ni kazi ngumu kuliko mihadhara yangu yote, niliona mikono yake inatafuta pa kushika. Dada akaendelea: ndoo ilikuwa ya njano, alikuta watu wamejaa uani, shangazi akamwambia aende kwa jirani. Nilikuwa nimeiandika ile karatasi mwenyewe. Haikuwa na ndoo ya njano.

Nilisimamisha zoezi, nikatoka na yule dada nje, tukakaa hadi alipokuwa tayari kurudi. Sitaandika aliyoniambia. Nitasema tu kwamba tangu siku hiyo mazoezi haya yanafanyika mshauri wa wanafunzi akiwa chumba cha jirani, na kila mtu ana haki ya kukataa nafasi ya mtoto bila kutoa sababu.

## Shaka ya pili, iliyo kubwa zaidi

Kama watoto wa Moshi wa kundi la pili walipata nafuu, nani aliwasaidia?

Jaribio lile halikupangwa kujibu hilo, na kila mwenyeji ana jibu lake mkononi. Mwenzangu mmoja alisema mara moja: ukoo. Kwetu mtoto haachwi. Wengine wanataja kanisa, msikiti, shule. Mwanafunzi mmoja alisema jambo lililonikaa: labda hata kuulizwa na mtu mzima, kwa utulivu, mara kadhaa kwa mwaka, "unalalaje? unaota nini?" ni msaada, na makundi yote mawili yaliulizwa.

Naliogopa jibu la ukoo, ingawa nalipenda. Nimekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachagga. Marehemu wetu tunawazika nyumbani, kwenye migomba, na mtoto anayekwenda kukata majani ya ng'ombe anapita kando ya kaburi la baba yake asubuhi na jioni. Kuna nyumba ambamo bibi husimama pale naye, akamsimulia baba alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikuwa mkaidi wapi. Kuna nyumba nyingine, hatua chache kutoka hapo, ambamo jina la marehemu halitajwi tena, na mtoto aliyeletwa ndiye wa kwanza kuamshwa na wa mwisho kula. Zote mbili tunaziita ukoo. Nikiandika kwamba ukoo unaponya, kesho mtu wa bajeti atasema washauri hawahitajiki, na mtoto wa nyumba ya pili atakuwa amefungiwa mlango na mimi.

Tena Moshi vijijini, ambako tungetarajia ukoo uwe na nguvu zaidi, na Bungoma vijijini, ambako ukoo nao upo, zilitoa majibu tofauti kabisa. Bungoma vijijini ndiko tiba ilikowasaidia watoto zaidi wiki 12 zilipoisha. Mwenye jibu rahisi la "utamaduni wetu" aeleze hilo kwanza.

## Kwenye ofisi ya mkuu wa idara

Niliijaza fomu. Safu za kawaida nilizijaza kama zinavyotakiwa. Kisha nikaongeza aya mbili: ya kwanza kuhusu darasa la mbinu za utafiti kusoma matokeo ya Moshi na kuyajadili, ya pili kuhusu mazoezi ya kusikiliza kwa walimu watarajiwa.

Mkuu wa idara aliisoma yote. "Mwalimu, hizi nitaziweka wapi? Wanataka namba."

Nilimwambia namba ninazo: watoto 64, halafu 640.

"Hizo ni za wenzetu."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Namheshimu mzee huyu, na hoja yake ina uzito: idara isiyoonyesha makala haipati walimu, na isiyo na walimu haiwezi kufundisha mtu kusikiliza. Lakini nami sikukubali kuzifuta. Wanafunzi waliojifunza kusoma matokeo yasiyowapendeza, wakayakubali na kuyauliza maswali, ndio watakaoandika makala anazozitaka. Mwishowe alisema ziingie kama kiambatisho, na akaomba nakala ya makala ya 2020 aisome nyumbani.

## Swali la binti

Yule binti wa dirishani alikuja ofisini wiki iliyopita kutafuta mada ya utafiti wake. Anataka kuwauliza watu wazima wa Old Moshi waliofiwa na wazazi wakiwa watoto. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba watoto wenyewe hatawagusa, kazi hiyo inahitaji mikono iliyofundishwa zaidi.

Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi: "Je, ulipata huduma ya kisaikolojia?" Tuliiondoa, maana wote watajibu hapana na mahojiano yataishia hapo. Tumeweka: "Mwaka ule wa kwanza, jioni ulikuwa unakaa na nani?" Inafuata: "Nani alikuambia kwamba amefariki, na alikuambiaje?"

Pendekezo linakwenda kwenye kamati ya maadili mwezi ujao. Mkuu wa idara amekubali kulisimamia pamoja nami. Ameshaandika maoni yake pembeni kwa kalamu nyekundu: atafutwe pia mtu wa rika lilelile, wa kijiji kilekile, aliyekua na wazazi wote wawili, naye aulizwe jioni alikuwa anakaa na nani.